Mwanafunzi na Mwalimu Wake

Katika Injili ya Luka, sura ya 6, mna maneno machache sana yaliyowekwa katikati ya mifano miwili mashuhuri. Wa kwanza ni ule wa kipofu anayemwongoza kipofu mwenzake, hata wote wawili wakatumbukia shimoni. Wa pili ni wa mtu mwenye boriti jichoni mwake, naye anashughulika kukiondoa kibanzi katika jicho la nduguye. Baina ya shimo na boriti ndipo Yesu aliposema ya kuwa mwanafunzi hawi mkubwa kuliko yule anayemfundisha. Bali akiisha kukamilika, atafanana naye.

Mara nyingi maneno hayo husomwa kwa sauti ya ukali. Mkubwa aliyechukizwa na swali la mdogo wake huyashika kama kiboko: nyamaza, wewe ni mwanafunzi tu. Yasomwapo hivyo hukatwa kichwa na mkia. Atakayeyasoma pamoja na yale yanayoyatangulia na yale yanayoyafuata ataona kwamba si mwanafunzi anayeonywa. Kipofu wa kwanza katika mfano ule ni kiongozi. Mwenye boriti ni yule anayetaka kuwanyosha wengine. Basi na neno la katikati lamhusu huyo huyo. Lamwambia mwalimu kwamba siku masomo yatakapokwisha, kitakachosimama mbele yake ni sura yake mwenyewe.

Kati ya Jinja, mahali ambapo mto Nili huliaga ziwa, na Mbale, chini ya Mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon, yametukia mambo tangu karne ya 19 yanayolieleza neno hilo kuliko mahubiri mengi.

KUFUATA KWA MIGUU

Lugha ya Kiswahili haitofautishi. Mtoto wa darasa la kwanza ni mwanafunzi, na Petro mvuvi, aliyeziacha nyavu zake, ni mwanafunzi vilevile. Wako wanaoona kwamba huo ni upungufu wa lugha; kumbe ni utajiri. Katika nchi ya Wayahudi zamani zile mwanafunzi hakwenda kwa mwalimu wake asubuhi akarejea kwao alasiri. Aliandamana naye. Alitembea nyuma yake njiani, akatazama jinsi anavyonawa, anavyoumega mkate, anavyomjibu maskini msumbufu, na wakati gani hunyamaza. Kufuata kulikuwa kufuata kwa miguu.

Kijana anayejifunza ufundi wa magari katika gereji za Jinja hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Hana daftari. Miezi ya kwanza kazi yake ni kuosha vyuma kwa mafuta na kuleta spana. Baada ya miaka miwili anaishika spana kama fundi wake alivyoishika, anaisikiliza injini kwa kuinamisha shingo upande uleule. Na ikiwa fundi alizoea kumdanganya mwenye gari juu ya bei ya vipuri, hilo nalo kijana amelihitimu. Kuruta na sajini wake ni hivyo hivyo. Nao wasomaji Waislamu wanajua kwamba chuoni adabu ya mwalimu huonekana kwa watoto kabla hawajazijua herufi zote.

Huko Buganda watu wa kwanza walioamini hawakuitwa Wakristo, waliitwa wasomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja. Na yule wa kwanza kukaa katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza akimsomea Biblia hakuwa Mzungu. Stanley alipoondoka huko mwaka 1875 alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari Unguja. Huyo ndiye aliyemsomea mfalme, kwa Kiswahili, kabla wamisionari hawajatia mguu mjini mwake mwaka 1877. Mwanafunzi wa juzi amekwisha kuwa mwalimu.

MLANGO WA BUSOGA

Askofu James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwezi wa Julai 1885, akiwa na msafara wa watu wapatao 200. Alichagua njia iliyo fupi, ya kukata nchi ya Wamasai na kuingia kutoka mashariki. Hakujua uzito wa jambo hilo. Waganda walikuwa na hofu ya siku nyingi kwamba atakayeila nchi yao atatokea upande wa macheo, kwa mlango wa Busoga. Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias, aliwaacha watu walio wengi chini ya William Jones, naye akaendelea na watu kama 50. Akakamatwa katika nchi ya Luba, mkuu wa Wasoga, akawekwa kifungoni siku nane; na tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri iliyotoka kwa Kabaka Mwanga, akauawa pamoja na karibu watu wake wote. Walionusurika ni wanne.

Habari ya askofu imesimuliwa sana, na ni haki isimuliwe. Habari ya Jones husimuliwa mara chache. Mtu huyo alikuwa Mwafrika aliyeokolewa utumwani utotoni, akalelewa India, akarudi pwani ya Afrika Mashariki kufundisha watumwa wenzake waliokombolewa. Hannington mwenyewe ndiye aliyempa daraja ya ushemasi, mwaka uleule wa 1885. Sasa amekaa Kwa Sundu na watu wengi wenye njaa, mwalimu wake hayupo, wala hakuna barua ya kumwambia afanye nini. Alingoja hata habari zikathibitika. Kisha akawakusanya watu wake, akawarudisha mwendo wote ule hadi Rabai, wakafika Februari 1886, mbele yao bendera ndogo ya buluu yenye neno moja la Kiebrania, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Hakuna shule ya kumfunza mtu safari kama ile. Alikuwa amemtazama aliyekuwa akitembea mbele yake, basi.

Busoga ilikuja kumwona mwalimu mwingine, na huyu kisa chake ni kigumu zaidi. George Pilkington, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwishoni mwa mwaka 1890. Alikuwa hodari wa lugha. Pamoja na Henry Wright Duta na Waganda wengine aliifikisha Biblia nzima katika Kiganda mwaka 1896. Ikachapwa kitabu kifupi kinene, ili kiweze kutiwa ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasikipate. 

Lakini jambo lake kubwa lilitokea kabla ya kazi hiyo kwisha. Mwaka 1893 Mganda mmoja aliyebatizwa, Musa Yakuganda, alifika kwa wamisionari akaomba itangazwe kanisani kwamba yeye si Mkristo tena. Alipoulizwa kama anajua asemalo, alijibu kwamba angekuwa mpumbavu kusoma miaka yote hiyo asijue. Ila dini waliyomfundisha haikumfaidia kitu. Mwalimu mwingine angemfukuza. Pilkington aliyachukua maneno hayo moyoni, akaenda nayo katika kisiwa cha Kome peke yake mwezi wa Desemba. Aliporudi alisimama mbele ya wanafunzi wake akakiri kwamba alikuwa akiwafundisha jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa nalo. Kanisa zima likatikisika. Mwaka uliofuata walimu Waganda walitoka kwa wingi kwenda mikoani, wakajenga vibanda vidogo vya kusomea, vikaitwa masinagogi. Haikuwa hotuba ya kumlaumu Musa iliyofanya hivyo. Mwalimu alikuwa ameitoa boriti yake hadharani.

Halafu ukaja mwaka 1897.

Jeshi la serikali lilikuwa na askari wa Kisudani, waliokuwa zamani chini ya Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwaleta kutoka upande wa Ziwa Albert mwaka 1891 pamoja na wake zao na watoto wao. Walikuwa askari imara. Walitumwa Bunyoro, wakatumwa Nandi, wakarudishwa kupigana na Mwanga alipoasi. Mishahara yao ilikuwa midogo, na hata hiyo midogo ilichelewa miezi mingi. Ndipo wakaamriwa wamfuate Meja Macdonald kwenda safari ya mbali ya kaskazini ambayo hawakuelezwa mwisho wake, huku swali la wake zao na watoto wao halina jibu la kuwaridhisha. Wakaasi mwezi wa Septemba, wakatembea hadi Busoga, wakaingia katika ngome ya kwa Luba, nchi ile ile ya Hannington. Meja Thruston, aliyekijua Kiarabu na kuwaamini sana askari wake, aliwaendea kwa imani kwamba watamsikia. Wakamfunga, kisha wakamuua pamoja na wenzake wawili.

Kulisimulia jambo hili si kuusifu uasi. Damu ilimwagika ya watu wasio na hatia, na kila askari anajua kiapo ni nini. Lakini neno la Luka halimwachi mkubwa apite bila kuulizwa. Askari wale walifundishwa kupiga foleni, kulenga shabaha na kuvumilia njaa, na waliyahitimu yote matatu. Walifundishwa pia, pasipo mtu yeyote kukusudia, kwamba ahadi ya mkubwa ni kitu kinachoweza kuahirishwa. Hilo nalo walilihitimu.

Pilkington alikwenda kwa Luba pamoja na jeshi la kuizingira ngome, akiwa mkalimani na msaidizi. Alipigwa risasi tarehe 11 Desemba 1897, akiwa na umri wa miaka 32. Mfasiri wa Biblia amekufa vitani, bunduki zikilia pande zote mbili. Jambo hilo limewasumbua wengi waliompenda, na lina haki ya kusumbua. Wanafunzi wake walipouchukua mwili wake hawakujifunza siku ile somo moja tu.

JEMADARI ALIYEKETI CHINI

Njia itokayo Jinja kwenda Mbale inamkumbusha msafiri jina la mtu mmoja, kwa kuwa miji yote miwili ilipata kuwa chini ya mkono wake. Semei Kakungulu, jemadari wa Waganda, alikuwa msomaji wa siku za mwanzo upande wa Waprotestanti. Alishiriki kuwakamata wafalme wawili, Kabalega na Mwanga, mwezi wa Aprili 1899. Kisha akaingia nchi za mashariki na wafuasi wake, akajenga ngome, akafungua barabara, akapanda migomba. Na Mbale ikakua kutokana na boma lake. Alitumaini kuwa mfalme wa nchi ile. Waingereza walimtumia hadi walipotosheka, wakampunguzia madaraka na kumwachia maili 20 za eneo, na tangu mwaka 1906 hadi 1913 wakamweka Jinja kuwa mkuu wa baraza la Busoga, cheo chenye heshima nyingi na nguvu chache.

Pamoja na mkuki wake walikwenda walimu wenye vitabu, na pengine mkuki na kitabu vilishikwa na mkono mmoja. Wagisu wa Mlima Masaba walifundishwa sala kwa Kiganda na watu wa taifa lililowatoza kodi kwa Kiganda. Watoto walizikariri sala, lakini walitazama pia namna mwalimu alivyomwita mzee wao. Alipokuja Nabumali mmisionari John Purvis, akaketi kujifunza Kimasaba na kutoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1907, alikuwa ametenda jambo dogo ambalo wengi waliomtangulia hawakulifanya. Alikubali kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake.

Wagisu, kwa kweli, hawakuhitaji mgeni awaeleze maana ya kufuzu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili vijana wao hutahiriwa katika sherehe za imbalu. Kijana hucheza siku nyingi, huzunguka kwa jamaa zake, husikia katika nyimbo mambo ya baba zake. Na siku yenyewe husimama wima uani mbele ya ngariba, bila kutikisika, mbele ya watu wote. Waliomtangulia wamesimama vivyo hivyo pale pale, wanamwangalia. Hakuna atakayemtaka aeleze ushujaa kwa maneno.

Kakungulu, aliyefadhaishwa na wakubwa wake, alijitenga na kanisa lililomfundisha akajiunga na kundi la Malaki Musajjakawa, lililokataa dawa zote na chanjo za watu na ng'ombe kwa hoja za Maandiko. Hapa shimo la mfano wa Luka lilikuwa karibu sana. Msomaji aliyemkasirikia mwalimu wake huweza kumkataa pamoja na yote aliyokuwa nayo, hata yale mema, na kumfuata wa kwanza anayepaza sauti. Watu waliokataa chanjo waliwazika wapendwa wao kwa ajili ya tafsiri ya mtu mmoja.

Jemadari hakukomea hapo. Aliendelea kusoma, ukurasa baada ya ukurasa, akawa anauliza kwa nini sheria za Musa hazishikwi. Mwaka 1919 alisema kwamba tohara ni lazima. Wenzake walipomwonya kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, alijibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Akatahiriwa yeye na wanawe. Hakuwa amemwona Myahudi wa kumfundisha. Alipata kukutana na mfanyabiashara mmoja wa Kiyahudi, ajulikanaye kwa jina la Yosef tu, aliyekaa kwa watu wake miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyo halali kwao. Na tazama jambo la ajabu: mtu aliyeamrisha majeshi, mwenye umri wa miaka 50 na zaidi, aliketi chini ya mfanyabiashara mpita njia, akakubali kuambiwa kwamba mengi aliyoyadhani siyo. Huenda hilo ndilo tendo la uanafunzi lililo kubwa kuliko yote aliyoyatenda, pamoja na wafalme wawili aliowakamata.

Kakungulu alifariki Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale. Watu wake, wanaoitwa Abayudaya, walibaki wakizishika Sabato zao. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku ibada yao. Wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kuwafundisha watoto wao kwa siri nyumbani, bila sinagogi wala kitabu cha kutosha. Sinagogi yao iko leo juu ya kilima cha Nabugoye, na mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja ya urabi huko Los Angeles mwaka 2008, akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini mwaka 2016. Imani yao si ile ya Luka. Lakini yaliyowavusha miaka ile ni yale ambayo watoto waliona baba na mama wakiyafanya jioni ya Ijumaa, mlango umefungwa.

KATIKA NYUMBA ZA KAMBI

Mlango uliofungwa wa nyumba ya askari una shule yake pia. Konstebo anarudi zamu ya usiku amechoka, mtoto anataka kumwonyesha jambo, naye anamkemea kwa sauti ile ile anayowakemea wahalifu. Kesho yake mama anamsikia mtoto akimkemea mdogo wake uani, kwa maneno yayo hayo, mikono kiunoni. Jirani wanacheka. Baba, akisikia, huona haya kidogo, kwa sababu ameisikia sauti yake kutoka kinywa kingine.

Mama naye hakuepuka. Mwenye duka anabisha hodi kudai fedha yake, mama anamnong'oneza mtoto: mwambie sipo. Mtoto hutii, naye hupata somo ambalo hakuna mwalimu wa dini atakayeliondoa kwa saa moja ya Jumapili au ya Ijumaa. Lakini binti yule yule anayetumwa kudanganya ndiye anayejifunza jikoni, kwa kutazama tu, machipukizi ya mwanzi yanayoitwa malewa yalowekwe kwa muda gani, na karanga zitiwe wakati gani zisikatike. Mama hakumbuki siku aliyomfundisha. Binti hakumbuki siku aliyofundishwa. Chakula kinatoka kitamu kama cha bibi yake wa Mbale.

Wazazi wengi huulizana wafanye nini kosa likiisha kuonekana na mtoto. Wengine hudhani heshima hulindwa kwa kunyamaza, au kwa kuongeza ukali. Pilkington, mwenye elimu kubwa ya Cambridge, alisimama mbele ya watu aliowafundisha herufi akasema amekosa. Hakuna aliyemdharau kwa ajili hiyo, na waliomsikia walikwenda kufundisha wengine. Sajini anayemwambia kuruta, mbele ya wenzake, kwamba amri ya jana ilikuwa na makosa, hapungukiwi na mstari mmoja begani. Baba anayemwita mtoto aliyempiga bila hatia na kumwomba radhi hufundisha siku hiyo mambo mawili kwa pamoja, na la pili, yaani namna ya kukiri kosa, halifundishiki kwa njia nyingine.

Imebaki habari moja ya kwa Luba. Mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe mwaka 1892. Mwanawe Joseph, aliyekuwa mtoto mdogo babaye alipouawa, alikua, akachukua kazi ile ile, akaja Busoga kuwa mmisionari. Miongoni mwa waliofika kwake baada ya kusoma na kutaka kubatizwa alikuwamo mwana wa Luba. Mmoja babaye aliuawa katika nchi ile. Mwingine babaye ndiye aliyekuwa mkuu wake siku hiyo. Kila mmoja alijua mwenzake ni mtoto wa nani. Joseph akamwita mbele, akambatiza.